KUONDOA UTANDO WA NDANI WA PIPA LA CHUMA ILI KUHIFADHI MAHINDI

Mkulima hutaabika miezi mingi kulima, kupanda, kupalilia na kuvuna, kisha mdudu mdogo kama punje ya mtama huingia ghalani na kula alichokipata. Bungua tuliwajua tangu zamani. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 alionekana mkoani Tabora mdudu mwingine, dumuzi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati. Huyu hutoboa mahindi, hutoboa vihenge vya miti, na hata mfuko wa plastiki hutoboa. Chuma hakitoboi. Ndiyo maana pipa la chuma lenye kifuniko cha kubana ni ghala jema kwa mkulima mdogo.

Pipa la kawaida, ambalo wengi hulijua kwa jina la pipa la galoni 44, ni la lita 200. Hutia kilo 150 hivi za mahindi makavu. Nyumba inayokula kilo 2 kwa siku itakula pipa moja kwa siku 75. Mapipa mawili yaliyofungwa vizuri yanaweza kuivusha nyumba hiyo miezi ya njaa mpaka mavuno mapya.

Mapipa mengi yanayouzwa sokoni yamekwisha kutumika, nayo yamepakwa kitu ndani. Wakulima huuliza jinsi ya kukiondoa. Karatasi hii inaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Lakini kabla ya hatua yoyote, liweke moyoni jambo hili moja: moto huondoa utando, hauondoi sumu. Mengine yote katika karatasi hii yanafuata hapo.

1. UTANDO NI NINI?

Chunguza ndani ya pipa. Ukiona chuma kitupu cha kijivu au chenye kutu, pipa hilo halina utando. Ukiona rangi ngumu inayong'aa, ya kahawia, ya dhahabu, nyekundu au ya kijani, huo ndio utando. Hupakwa kiwandani, kisha pipa huingizwa katika tanuri mpaka rangi ikauke na kushikamana na chuma. Kazi yake ni kutenganisha chuma na kilichomo, chuma kisipate kutu na kilichomo kisiharibike.

Usiuchanganye utando huu na mfuko wa plastiki. Mapipa ya nyanya iliyosagwa na ya maji mazito ya matunda mara nyingi huwa na mfuko ndani yake. Mfuko huo hutolewa kwa mkono. Usiuchome.

2. KWANZA ULIZA: PIPA HILI LILIBEBA NINI?

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, nayo hufanywa kabla hujatoa fedha mfukoni. Mapipa tunayagawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mapipa ya chakula. Haya ni yaliyobeba mafuta ya kupikia, asali, nyanya iliyosagwa au maji ya matunda. Mapipa haya yanafaa kwa nafaka.

Fungu la pili ni mapipa ya petroli, dizeli, mafuta ya taa na mafuta ya mashine. Haya hayafai kwa chakula. Mafuta huingia katika mikunjo ya chini na ya ubavuni, na harufu yake huingia katika mahindi. Tena yana hatari nyingine: pipa la petroli lililo tupu ni la hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli uliobaki ukichanganyika na hewa, cheche moja tu hulipasua kama bomu. Pipa la namna hii usilikate, usilichome, wala usilipige kwa tindo.

Fungu la tatu ni mapipa ya dawa za kuua wadudu, dawa za magugu, dawa za kuhifadhi mbao, tindikali, na dawa nyingine za viwandani. Haya hayafai kwa chakula cha watu, wala kwa chakula cha mifugo, wala kwa maji. Hayafai leo, wala baada ya kuoshwa mara kumi, wala baada ya kuchomwa.

Labda mtu atasema, "Moto mkali huua kila kitu." Na afikiri juu ya jambo lililotokea mwaka 1967 katika mji wa Doha, nchini Qatar, na mji wa Hofuf, nchini Saudi Arabia. Dawa ya wadudu iitwayo endrini ilivuja melini ikaingia katika magunia ya unga wa ngano. Unga ule ulikandwa, mikate ikaokwa katika tanuri, watu wakala. Watu 874 walilazwa hospitali, na 26 kati yao walikufa. Ule moto wa tanuri haukuwaokoa. Vivyo hivyo, moto wa kuni ndani ya pipa haufiki sawasawa katika kila mkunjo, na sumu iliyojificha humo hungojea mahindi yako.

Angalia vilevile neno "mafuta." Muuzaji akikuambia, "Hili lilikuwa pipa la mafuta," usiridhike. Mafuta ya alizeti ni mafuta, na mafuta ya taa ni mafuta, na mafuta ya breki ni mafuta. Mwulize: mafuta gani? Yalitoka kiwanda gani? Karatasi ya jina iko wapi? Angalia kama kuna picha ya fuvu la kichwa na mifupa, au alama ya moto, au maneno ya onyo. Pipa lililopakwa rangi mpya nje ili kuficha maandishi ulitilie shaka. Ukiona alama 1A1 au 1A2 iliyogongwa katika chuma, fahamu kwamba inaeleza umbo la pipa tu: 1A1 ni pipa lililofungwa juu moja kwa moja, na 1A2 ni pipa ambalo kifuniko chake chote hutoka. Alama hizo hazikuambii lilibeba kitu gani.

Usiingize kichwa ndani ya pipa usilolijua ili kunusa. Harufu peke yake ni shahidi dhaifu, na mvuke wa dawa nyingine huweza kukudhuru papo hapo.

Usipopata jibu la hakika, shika kanuni hii: pipa lisilojulikana ni pipa la sumu. Liache sokoni, hata kama bei yake ni ndogo. Bei ndogo ya pipa haiwezi kulipa maisha ya mtoto mmoja.

3. JE, NI LAZIMA KUONDOA UTANDO?

Si kila mara. Wengi hufikiri kwamba utando wowote ni mbaya, wakajitaabisha bure. Fanya hivi:

(a) Pipa la chakula lenye utando mzima, usio na mikwaruzo wala malengelenge: uache utando. Osha pipa kwa maji ya moto na sabuni, suuza mara tatu, kausha, tumia. Utando huo unakulindia pipa lako lisipate kutu.

(b) Utando umebanduka mahali padogo tu: ondoa zile sehemu zilizolegea kwa brashi ya waya na msasa, mpaka ufikie utando ulioshika vizuri. Huna haja ya kuchoma.

(c) Utando umebanduka mahali pengi, unatoka vipande vipande kama ngozi ya nyoka, au kutu imekwisha kuingia chini yake: utando wote uondolewe. Vipande hivyo vitachanganyika na mahindi na kusagwa pamoja nayo mashineni.

Sehemu zinazofuata ni kwa ajili ya pipa la namna ya (c), la chakula, lenye kifuniko kinachotoka chote.

4. VIFAA

Tayarisha vitu hivi kabla ya kuanza: kuni ndogo kavu na magunzi ya mahindi, kiasi cha magunia mawili, mawe matatu, mti mrefu wa kugeuzia pipa, brashi ya waya, msasa mnene na msasa laini, sabuni, vitambaa safi, mafuta ya alizeti vijiko vitatu vya mezani, ndoo mbili za maji na mchanga wa kuzimia moto, viatu vilivyofunika mguu, glavu za ngozi, na miwani ya kukinga macho.

5. KUANDAA PIPA NA MAHALI

Toa pete ya kubana, kifuniko, na ule mpira unaozunguka kifuniko. Weka mpira mbali na moto, maana utauhitaji tena. Toa mfuko wa plastiki kama upo. Kisha osha pipa kwa maji ya moto na sabuni ili kuondoa mafuta au sukari iliyoganda, kwa sababu hivyo huwaka ghafula.

Chunguza aina ya chuma. Kama ndani kunang'aa rangi ya fedha yenye maua maua kama bati la kuezekea, pipa hilo limepakwa zinki, nalo lisichomwe. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi mweupe, na mwenye kuuvuta hupatwa na homa na kutetemeka saa chache baadaye. Chunguza na nje. Rangi kuukuu iliyopakwa juu ya rangi mara nyingi huenda ikawa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto. Pipa la namna hiyo pia lisichomwe.

Chagua mahali pa wazi, mita 50 au zaidi kutoka nyumba, zizi, kisima na bustani ya mboga. Fyeka majani makavu pande zote. Moshi wa utando ni moshi mbaya, si kama moshi wa kuni. Kwa hiyo watoto na wanawake wajawazito wasikaribie, wala asiwepo mtu upande ule upepo unakokwenda. Usifanye kazi hii siku ya upepo mkali, wala ndani ya banda.

6. KUCHOMA UTANDO

Laza pipa juu ya mawe, mdomo wake uinuke kidogo kuliko kitako. Upepo ukatize mbele ya mdomo, usiingie ndani moja kwa moja. Wewe simama upande upepo unakotoka.

Washa moto mdogo ndani ya pipa kwa majani makavu na vijiti. Ukishika, ongeza kuni ndogo, kisha magunzi. Magunzi hufaa sana kwa sababu hutoa moto mkali na sawasawa. Tumia kijiti kirefu kuyasukuma mpaka kitakoni, maana watu wengi huchoma mdomo wa pipa na kusahau kitako.

Utando kwanza utatoa moshi, kisha utavimba malengelenge, utakuwa mweusi, na mwisho utageuka majivu yenye kubomoka. Upande mmoja ukiwa tayari, geuza pipa robo ya mzunguko kwa ule mti mrefu, ongeza magunzi, na kungoja tena. Fanya hivyo mara nne mpaka umezunguka pipa lote. Usiharakishe. Moto wa wastani wa muda mrefu ni bora kuliko moto mkali wa muda mfupi. Chuma kikianza kuwa chekundu, moto umezidi. Utoe kidogo, ama sivyo pipa litapinda na kifuniko hakitashika tena.

Kifuniko usikitie motoni. Chuma chake ni chembamba, hupinda upesi, na kifuniko kilichopinda hupitisha hewa. Utando wa kifuniko uondoe kwa mkono, kwa brashi na msasa.

Moto ukiisha, acha pipa lipoe lenyewe mpaka kesho yake. Usilimwagie maji likiwa la moto. Maji ya baridi hukunja chuma, na mvuke wake huunguza uso na mikono.

Majivu yaliyomo ndani ya pipa si majivu ya kawaida. Usiyatie bustanini kama mbolea, wala usiyachanganye na mahindi au maharagwe kuzuia wadudu kama wengine wafanyavyo na majivu ya jikoni. Chimba shimo mbali na kisima, uyafukie.

7. KUSUGUA NA KUOSHA

Vaa miwani na glavu. Kwanza lowesha ndani kwa maji kidogo, ili vumbi la utando lisipae ukalivuta. Sugua kwa brashi ya waya kutoka mdomoni kwenda kitakoni, kisha kuzunguka. Mahali pagumu pa kusafisha ni mkunjo ambapo ubavu hukutana na kitako, pamoja na yale matuta mawili yanayozunguka pipa. Huko tumia kijiti kilichochongwa, ukikizungushia msasa. Ukiona vipande vinavyong'aa vimebaki, visugue kwa msasa mnene. Vikiwa vingi, rudia moto.

Kisha osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza mara tatu, na ufute kwa kitambaa cheupe kikavu. Kitambaa ndicho mwamuzi. Kikitoka cheusi, bado hujamaliza. Kikitoka safi, au chenye rangi ya kutu kidogo tu, umemaliza. Maji ya kuosha yamwage katika lile shimo la majivu.

Anika pipa juani mara moja. Chuma kitupu chenye maji hushika kutu siku hiyo hiyo.

8. KULINDA CHUMA KITUPU

Umeondoa nguo ya pipa. Sasa yakupasa kulivika nyingine. Usipake rangi ya nyumba wala rangi ya mabati ndani ya pipa la chakula. Tumia mafuta ya alizeti kama mtu anavyozoeza kikaango kipya cha chuma.

Pasha pipa joto juani au kwa makaa machache. Chovya kitambaa katika mafuta, upake ndani pote na upande wa ndani wa kifuniko. Vijiko vitatu vya mezani vyatosha pipa zima. Kisha chukua kitambaa kingine kikavu, ufute tena kana kwamba hutaki mafuta yabaki. Ule utando mwembamba sana unaobaki ndio unaotakiwa. Mafuta yakiwa mengi yatachacha na kuyapa mahindi harufu.

Sasa laza pipa juu ya makaa ya wastani, uligeuze geuze mpaka mafuta yakauke na kidole kisinate likipoa. Kifuniko kianike juu ya pipa lile lenye joto. Kazi hii irudiwe kila mwaka kabla ya mavuno, mahali popote kutu inapoonekana.

9. KUPIMA KAMA PIPA LINAVUJA

Pipa linalopitisha hewa haliui wadudu. Lisimamishe juu ya mawe, ulijaze maji, na kungoja saa moja. Chunguza kitako na mshono wa ubavuni. Ukiona unyevu, pipa hilo halifai kwa nafaka mpaka limezibwa na fundi. Likiwa zima, mwaga maji, kausha siku mbili juani, mdomo ukiwa wazi.

Rudisha mpira wa kifuniko. Ukiwa umepasuka, kata mwingine kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la gari, uoshe vizuri, uuzungushe bila kuacha nafasi. Baada ya kufunga pete, ziba ukingo kwa nta ya nyuki.

10. KUTIA MAHINDI

Pipa lililofungwa halisamehe mahindi mabichi. Unyevu hauna pa kutokea, na mahindi yataota ukungu. Ukungu mwingine huleta sumu inayoharibu ini. Kwa hiyo kausha sana.

Pima hivi. Twaa chupa kavu ya kioo, utie mahindi mpaka theluthi yake, na chumvi kavu vijiko viwili. Funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata katika kioo, mahindi hayajakauka, rudisha juani. Chumvi isiponata, unyevu umeshuka chini ya sehemu 15 katika 100. Hiyo yatosha kwa gunia, lakini pipa la kufunga lataka 13, wala si zaidi. Basi ongeza siku moja au mbili za jua kali.

Pepeta, chagua mahindi yaliyovunjika na yenye ukungu uyaondoe. Yaache yapoe kivulini kabla ya kuyatia pipani. Jaza mpaka ukingoni, ukitikisa pipa ili yashikamane, kwa sababu nafasi tupu ni hewa ya kuwalisha wadudu. Funga. Bungua na dumuzi walioingia pamoja na mahindi watatumia hewa iliyobaki, itakwisha, nao watakufa. Usifungue kabla ya majuma sita. Anayefungua kila siku kuchota kidogo, kila siku anawapa wadudu pumzi mpya. Ni afadhali kuwa na pipa moja la kula na jingine lisiloguswa.

Weka pipa juu ya mbao, ndani ya nyumba, mbali na jua. Pipa linalopata joto mchana na baridi usiku hutoa jasho chini ya kifuniko, na mahindi ya juu huoza.

11. MASWALI YA WAKULIMA

Je, naweza kutumia soda kali ya kutengenezea sabuni badala ya moto?
Soda kali huondoa mafuta na rangi za kawaida, lakini utando uliookwa kiwandani mara nyingi huishinda. Ukiitumia kwa kuondoa mafuta, tia soda kidogo kidogo katika maji. Usimwage maji juu ya soda, maana huchemka na kuruka usoni. Usiichanganyie katika sufuria ya alumini, kwa sababu huila na kutoa hewa inayolipuka.

Je, niwashe moto kwa petroli kidogo ili utando ushike upesi?
Hapana kabisa. Mvuke wake hujaa ndani ya pipa kabla hujawasha kiberiti.

Pipa langu limefungwa juu, lina tundu mbili tu. Nifanyeje?
Kama ni la mafuta ya kupikia na utando wake ni mzima, usilikate. Tia maji ya moto, sabuni na changarawe safi, funga, ulibingirishe huku na huku, suuza mara tatu na kukausha kabisa. Mahindi hutiwa kwa faneli kupitia tundu kubwa. Likiwa na utando unaobanduka, huwezi kufika ndani kulisafisha, usilitie chakula.

Je, mshumaa unaowashwa juu ya mahindi kabla ya kufunga husaidia?
Hupunguza hewa kidogo tu, kisha huzimika. Wadudu wanaweza kuishi katika hewa iliyobaki. Kinachowaua ni pipa lisilovuja na subira ya mwenye pipa.

Je, pipa lililoondolewa utando lafaa kwa maji ya kunywa, maziwa au togwa?
La. Maji hulitia kutu, na vitu vichachu hula chuma. Litumie kwa nafaka kavu, maharagwe na mbegu.

Nimenunua pipa la dawa, nimelichoma mara tatu, na sasa halina harufu. Je, nalo?
Nalo halifai. Harufu imekwenda, lakini hujui kama sumu imekwenda. Litoboe kitako kwa msumari na nyundo, kama halikuwa na dawa inayowaka, ili asije mwingine akalitumia, kisha umwone Bwana Shamba wako kwa ushauri wa mahali pa kulipeleka. Usimpe jirani, wala usiliuze.

12. KUMBUKA

Pipa lisilojulikana ni pipa la sumu.
Utando mzima wa pipa la chakula uache.
Utando unaobanduka choma kwa moto wa wastani, mahali pa wazi, mbali na watu.
Sugua mpaka kitambaa cheupe kitoke safi.
Paka mafuta mepesi, yakauke.
Pima kwa maji kabla ya kutia mahindi.
Tia mahindi makavu yaliyopoa, jaza mpaka ukingoni, funga, ungoje majuma sita.

Ukiwa na shaka juu ya pipa lolote, usione haya kumwita Bwana Shamba wa kata yako alitazame kabla hujalinunua.